Babu wa Venla Yuko Ardhini

Benchi letu liko nje ya hema la kahawa, soko la Kuopio, upande usiopigwa na upepo. Wa kila siku ni watatu: Profesa, aliyeendesha basi miaka thelathini; Kiazi, mkulima aliyehamia mjini majira ya kuchipua, ghorofa ya nne; na mimi, wanayeniita Redio, kwa wivu tu. Juzi Kiazi alikuja na daftari la mjukuu wake Venla, darasa la pili, kalikumbatia kama barua ya mahakama. Somo lilikuwa mji na shamba: andika babu yako yuko wapi. Venla kaandika, kwa lugha yetu ya hapa Kuopio, *maassa*. Alitaka *maalla*, yaani shambani. Kumbe neno likiishia na mkia wa *-ssa*, babu yuko ardhini! Mwalimu kapiga mstari mwekundu: "Sahihisheni nyumbani."

— Pole, marehemu, nikamwambia. Kahawa bado unakunywa?

— Redio, usinianze.

Profesa akajikohoza.

— Mkia una mantiki, bwana: *-ssa* ni ndani, *-lla* ni juu. Mjini uko ndani: ndani ya lifti, ndani ya foleni. Shambani uko juu, kama jogoo. Ndiyo maana mikia haifanani.

— Na ardhini? nikauliza.

— Ndani pia. Kwa hiyo, kisarufi, mjini na kaburini ni mtaa mmoja.

— Toba! Kiazi, umemsikia huyu?

— Nimemsikia. Lifti yetu yenyewe inanuka hivyo hivyo.

Nami sikukubali kupitwa.

— Nasikia, na sisemi kwa nani, mchungaji keshauliza unapenda uimbiwe wimbo gani.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akasema Profesa.

— Hiyo inaingiaje hapa, wewe? nikamuuliza.

— Kainamia viazi miaka hamsini. Mwisho kaingia ardhini mwenyewe.

Tukacheka. Kiazi hakucheka.

— Ijumaa mwanangu anamleta mnunuzi wa shamba, akasema. Nikitia sahihi, kwetu basi tena.

— Usitie, nikasema.

— Nani atakata nyasi? Mgongo wangu mnaujua.

Profesa akakoroga kahawa yake isiyo na sukari.

Ndipo Venla akatokea, katoka shule, mkoba mkubwa kuliko mgongo. Akajipenyeza katikati yetu, akala nusu ya andazi langu la iliki bila hodi, akafungua daftari.

— Babu, nimefuta. Niandike unaishi wapi?

Mimi nikaanza kupangusa makombo ya andazi. Profesa akatazama viatu vyake. Muuza kahawa naye akasita, birika mkononi.

— Shamba bado ni lako, Babu?

— Bado.

— Lakini unalala hapa.

— Nalala hapa.

— Sasa mwalimu anataka moja.

Kiazi akalitazama lile pengo kwenye mstari mpaka kahawa ikapoa.

— Andika mjini.

Venla akainama kuandika. Kiazi akamgusa kiwiko.

— Usikandamize sana penseli, mwanangu, ipate kufutika.