Pipa Lisilo na Harufu: Kumkumbuka Fundi Jecha wa Kikwajuni

Wasikilizaji wapendwa, assalamu alaykum. Leo tunamkumbuka mtu aliyefikwa na mauti akiwa amevaa ngao ya uso, glovu za ngozi na viatu vizito. Nayataja mavazi hayo mwanzoni kwa sababu pamezuka maneno kwamba marehemu alikuwa mzembe. Hakuwa mzembe. Jina lake ni Jecha Himid, fundi wa kuchomelea vyuma, wa Kikwajuni.

Jecha alizaliwa Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe. Ufundi aliuanza angali kijana, kwa kutia nondo madirisha ya majirani, na wakati huo hakuvaa ngao. Siku moja aliukodolea macho ule mwanga mweupe wa mashine tangu asubuhi. Jioni hakuweza kuyafumbua. Siku iliyofuata ndiyo siku wazee wake walipokwenda kumposea Bi Kazija, ambaye leo ni mjane wake.

"Wazee wake wako ndani, yeye kakaa barazani," anasimulia Bi Kazija. "Nikamchungulia dirishani. Macho mekundu, machozi yanamtiririka. Shangazi yangu akaninong'oneza: 'Huyu ama mvuta bangi, ama kalazimishwa kuoa.' Kumbe maskini macho yanamuwasha, kama yametiwa mchanga."

Posa ilikubaliwa. Tangu siku hiyo Jecha hakuwasha mashine bila ya ngao.

Wasikilizaji wapendwa, Fundi Jecha alijulikana zaidi kwa majiko ya shughuli. Ni yale majiko makubwa ya pipa la chuma, yanayobeba sufuria ya pilau ya harusi au ya hitima. Kwanza aliichomelea miguu ubavuni, pipa likiwa zima, ili lisipinde. Kisha ndipo alipolikata.

Hatari imo katika pipa zima. Pipa lililowahi kubeba petroli au thina ya kuyeyushia rangi hubakisha kidogo ndani ya mikunjo yake. Jicho halikioni kidogo hicho. Kikipata moto hugeuka mvuke, na mvuke ule huwaka ghafla na kupasua chuma.

Kwa hiyo Jecha alikuwa na desturi. Hakuligusa pipa kwa moto mpaka alijaze maji karibu na mdomo, na kizibo akiache wazi. Kwa sababu maji ya mfereji, yaani ya bomba, hayatabiriki, aliweka karakanani mapipa mawili yaliyojaa maji, kwa ajili ya kazi hiyo tu. Wanywaji kahawa wa baraza ya jirani hawakumwacha.

"Fundi, pipa lishatia udhu?"

"Bado miguu," aliwajibu, akaendelea kumimina.

Mdogo wake, Talib, aliyefanya kazi pamoja naye, anasema mzaha huo ulirudiwa kila wiki na jibu halikubadilika.

Sasa tufike kwenye siku yenyewe. Asubuhi ile alifariki jirani yao, bibi mtu mzima, Bi Amne. Mifereji ilikuwa mikavu tangu juzi yake. Nyumba ya msiba ilihitaji maji ya kumkoshea maiti, na maji kwa ajili ya wageni. Jecha aliwaita wanawake wa nyumba ile, akawaonyesha mapipa yake mawili.

"Chukueni yote," alisema.

Wakachukua yote. Jecha akaenda kuzika, akarudi karakanani baada ya adhuhuri. Pale alimkuta Bwana Mazin, mkaazi wa mtaa huohuo, ambaye kesho yake alikuwa na walima, karamu ya harusi ya mwanawe. Alikuwa ameleta pipa lililobeba thina, akitaka litengenezwe jiko. Mazungumzo yao tunayapata kwa Talib, aliyekuwa amesimama hapohapo.

"Maji sina," Jecha alimwambia.

"Nshalisuuza kwa sabuni, fundi. Nshalianika juani. Hebu nusa mwenyewe."

Jecha akanusa. Hapakuwa na harufu.

"Kaka," Talib akasema, "nende msibani nikaombe ndoo chache tu?"

"Watu wana maiti, mie nkaombe maji ya chuma? Watu watatuonaje?"

Hayo ndiyo maneno yaliyomuua Jecha Himid. Mashine haikuwa mbovu. Waya haukuwa umechunika. Ngao, glovu na viatu alivivaa kama kawaida yake. Lilikosekana jambo moja, nalo alilijua kuliko mtu yeyote pale. Maji yalikuwako nyumba ya pili. Aliona haya kuyaomba.

Alipogusisha moto kwenye mguu wa kwanza, pipa lililipuka. Mfuniko wake ulifyatuka, ukampiga kifuani. Ngao ya uso haikupata hata ufa. Jecha alifariki kabla ya alasiri, akazikwa kabla ya magharibi. Mtaa mmoja ulizika mara mbili siku moja.

Wapo waliosema ni husuda. Wapo waliosema pipa lilikuwa na jini. Talib mwenyewe alisema siku ya kaka yake ilifika. Bi Kazija alimjibu mbele ya waliokuja kumpa mkono wa pole.

"Siku yake nimeikubali, shemegi. Lakini ufunguo wa karakana ninao mie, na sikupi mpaka unambie: maji yasipokuwapo, utafanyaje?"

"Ntangoja."

"Na watu wakikusema?"

Talib akainuka kwenda kuwapokea wageni. Bi Kazija hakumpa ufunguo.

Hapa sina budi kuwa muwazi. Ahadi iliyotolewa msibani haina uzito mkubwa; kila mtu huahidi akiwa na machozi. Bi Kazija alilijua hilo. Alichokihofia hakikuwa moto. Alihofia ile haya ya kusemwa na watu, kwa kuwa ndugu wawili hawa walilelewa na mama mmoja.

Ilipowadia siku ya hitima ya arubaini, ami yao, Mzee Ridhwan, alileta pipa. Alitaka litengenezwe jiko la kupikia pilau ya kumrehemu Jecha. Lilikuwa limebeba mafuta ya petroli. Mifereji ilikuwa mikavu, na mapipa ya maji ya karakanani hayakuwa yamejazwa tangu msiba. Bi Kazija akafungua karakana kwa mkono wake, akasimama mlangoni. Wageni walikwishaanza kufika.

Talib alilitazama pipa, akavua glovu.

"Sichomi, ami."

"Hitima ya kaka yako, watu wale nini? Unataka kutuaibisha?"

"Basi n'aibike."

Mzee Ridhwan alimgeuzia mgongo. Bi Kazija akamwita Talib, akamtia ufunguo kiganjani mbele ya watu wote. Kisha akagawa mchele na nyama kwa majirani, kila nyumba sufuria yake ndogo. Chakula kilichelewa. Pilau ya nyumba moja ilizidi chumvi na ya nyingine iliungua chini. Watu walikula, wakamwombea marehemu, wakaenda zao. Aliyesema alisema.

Wasikilizaji wapendwa, mafundi waliosomea kazi hii husema kwamba hata maji hayatoshi kwa kila pipa, na kwamba lililobeba thina ni bora lisiguswe kabisa kwa moto. Wasikilizeni. Pua haitoshi kuwa kipimo. Na wewe unayepeleka pipa kwa fundi, mwambie lilibeba nini, na umpe muda.

Kwa Bi Kazija na wanawe, kwa Talib, kwa Mzee Ridhwan na ukoo wote, na kwa nyumba ya Bi Amne: poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu Jecha Himid na awape subira.

Wengi wetu si mafundi. Lakini sote ni hao "watu" ambao Jecha aliogopa watamwonaje. Kila mmoja ajiulize amemharakisha fundi gani mwaka huu.