Mteja Aliyekataa Nyanya kwa Miaka Ishirini na Saba

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mtunza stoo wa Idara yetu ya Biashara ya Kilimo anastaafu baada ya miaka ishirini na saba kazini. Wanafunzi wanamjua kwa jina la Mzee Rudi Kesho.

Aliajiriwa kutunza majembe, mizani na magunia. Wiki ya pili, mhadhiri wa masoko alimwazima kwa nusu saa ajifanye mteja katika mtihani wa vitendo. Hakurudishwa. Ikawa kanuni: mwanafunzi hahitimu mpaka amemuuzia mzee kitu alichozalisha kwa mikono yake, na mzee akubali kwa hiari.

Wanaotaka kujua shahada hii ina nini, waache kipeperushi, waje mlangoni pa stoo. Wengine huja wakidhani watafundishwa kulima tu, wengine wamekwisha kuvaa tai ya umeneja. Wote husomeshwa gharama, usafirishaji na bima ya mazao, wakafaulu vizuri, halafu wakasimama mbele ya mzee na tenga la nyanya zinazoanza kulainika. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Wahenga hawakuwahi kumuuzia mzee wetu kitu.

Kazi aliifanya kwa moyo wote, pengine kupita kiasi. Alikataa kabichi kwa kuwa ilimtazama vibaya. Alikataa asali mpaka aonane na nyuki wenyewe. Kuna aliyempa maziwa bure, akaomba apunguziwe. Mkewe anatuambia kuwa hata nyumbani hali chakula kabla hajachungulia sufuria ya jirani, alinganishe. Tulipompelekea barua ya kustaafu, aliipima mkononi, akauliza kama hakuna iliyovunwa asubuhi ya leo. Mkuu wa idara alirudi nayo mara tatu.

Tulicheka, lakini shida ilikuwepo. Mwanafunzi mmoja, binti wa fundi cherehani, alikuwa amekwama kwa mwaka wa pili sasa. Mchicha, mayai, uyoga, vyote viliambiwa rudi kesho. Kanuni haikutaja mteja mwingine. Kama mzee angeondoka kabla ya kununua, binti angeondoka bila shahada. Jumatano, siku ya mwisho ya mtihani, idara nzima tulijazana madirishani, na mimi karani nikiwa mstari wa mbele.

Binti alikuja mikono mitupu. Akaketi juu ya gunia, akamuuliza mzee Jumatatu ataamka afanye nini. Miaka yote hiyo mzee ameelezwa uzuri wa nyanya, na hakuna aliyewahi kumuuliza yeye anahitaji nini. Naona haya kusema kwamba sisi wenzake nasi tumo. Mzee alijibu kwamba hajui, na kwamba anaiogopa hiyo Jumatatu.

Binti akaenda bandani, akarudi na kuku wanne wa mayai aliowalea mwenyewe, wasiokubali kucheleweshewa chakula hata dakika moja baada ya saa kumi na mbili asubuhi. Mzee hakuwapima wala hakuomba apunguziwe. Alilipa, akasaini fomu ya mtihani huku akijipangusa macho, nasi tukapiga makofi mpaka kuku wakatawanyika.

Asante, mzee wetu, kwa kutukomazia wanafunzi. Tunakuombea afya na uzee wenye raha. Jumatatu usichelewe kuamka, kuna wanaokungoja.