Kidonge Kabla ya Mimba

Kinyozi alikaa nyuma ya fundi cherehani na bibi mmoja ndani ya basi, akijifanya anatazama dirishani huku masikio yote yakiwa mbele. Fundi, aliyempakata binti yake, alimeza kidonge akashushia maji.

"Unaumwa, mwanangu?" akauliza yule bibi aliyekaa pembeni yake.

"Siumwi, mama. Ni foliki asidi, vitamini ya kumkinga mtoto. Natafuta mimba."

"Dawa ya mtoto ambaye hata hajaja? Mwachie Mungu."

"Mungu namwachia, na daktari namsikiliza. Mgongo wa mtoto hujengeka wiki za mwanzo, mama yake hata hajajua kama ana mimba. Nikisubiri mimba ionekane, nimechelewa. Huyu alizaliwa na mgongo wazi, watu wakasema nimelogwa."

"Kwa hiyo huyu humtaki?"

Kinyozi akaona aibu, maana swali hilo naye alikuwa nalo.

"Huyu ndiye roho yangu. Ameshapasuliwa mara tatu. Nikiweza kumpunguzia mdogo wake hatari hiyo, nitameza kila siku, hata mbele ya basi zima."

"Sisi tulizaa bila vidonge."

"Na wote waliishi mkawalea, mama?"

Basi likasimama. Fundi akambeba binti yake mgongoni, akashuka.