Moroko Kaolewa

Jumamosi ya Julai 2017, baridi ya Yeoville, huku kusini kabisa mwa Afrika, ilikuwa inakata masikio, na benchi letu mbele ya duka la Bakiri lilikuwa limejaa. Bakiri, mtu wa Tanga, tunamwita Tangawizi, maana kahawa yake huwasha koo mpaka jioni. Ogutu, Mkenya wa benki, ni Meneja, ingawa hatujawahi kuiona ofisi yake. Lambert, fundi cherehani wa Bukavu, ni Santimita, kwa kuwa hukupima kwa macho kabla hajakusalimu. Mimi ni msikilizaji, na nakiri napenda ubishi wao kuliko kahawa yenyewe. Asubuhi hiyo alikuja Driss, kinyozi kutoka Moroko, mume wa Denise, nesi wa Kikongo anayekaa jengo letu. Alishika kikombe kwa mikono miwili, asinywe.

– Baba anakuja kesho, akasema. Kukaa mwezi mmoja. Mimi naogopa. Tangu nimeolewa, mimi nafua nguo, naanika juu ya paa. Baba hajui.

Tulicheka mpaka Bakiri akamwaga kahawa.

– Umeoa, Moroko! akasema Bakiri. Mwanamume anaoa. Anayeolewa ni mwanamke.

– Mwache, akasema Ogutu. Hajakosea. Mwanaume wa kuanika nguo ameolewa kabisa.

– Kwetu Fez, paa ni ya wanawake, akasema Driss. Baba ana miaka sabini, hajapanda hata siku moja. Lakini Denise yuko hospitali, anarudi miguu imevimba. Nani ataanika?

– Bwana wee, anika alfajiri, mzee akiwa amelala, akashauri Bakiri.

– Julai hii? Zitaganda, akasema Ogutu. Sikiza, mwambie ni sheria ya jengo. Wanawake hawaruhusiwi kupanda juu. Ati kuna upepo.

Lambert akatikisa kichwa.

– Mimi niko nasema hivi. Weye andika kibao ku mulango: Dobi Driss. Mwanaume akifua kwa kazi, hakuna mutu anacheka. Akifua ya bibi yake, njo wanacheka.

– Na nguo za Denise?

– Denise ni kliyanti, mutu wa kulipa.

– Hapana, mwambie unapanda kutafuta kibla, akasema Bakiri. Nguo umezibeba tu njiani.

– Kila siku? akauliza Ogutu. Kibla kinahama?

Tukacheka tena. Driss hakucheka, na nikaona aibu kidogo.

– Nimechoka kujificha, akasema. Baba akipiga simu ya video, mimi nasukuma beseni chini ya kitanda. Juzi binti yangu aliona. Akauliza, papa, beseni limekosa nini? Nyinyi wakubwa, nijibu nini?

Ogutu akatazama robot, taa ya magari ya pale kona, ikageuka nyekundu, ikageuka kijani. Bakiri akatikisa birika ambalo alijua fika halina kitu. Lambert akachomoa utepe wake wa kupimia mfukoni, apate cha kushika, na vibanio viwili vya nguo vikaanguka chini, tak, tak. Vya plastiki, vya buluu.

– Eish, Santimita, akasema Ogutu polepole. Na wewe?

– Ni ya kushikia vitambaa, akasema Lambert.

Hakuna aliyemwamini, wala aliyemcheka. Mimi nilificha mikono yangu ndani ya koti, maana ilikuwa bado inanuka sabuni ya kufulia.

Lambert akainama, akaviokota, akavifuta kwenye suruali. Kisha akaviweka kiganjani mwa Driss na kumfunga vidole.

– Kamata, ndugu. Kesho papa akifika, nguo zitaongezeka. Na umupandishe kule juu na yeye, aote jua.