Ordinateur Yenye Hatukuzima

Bamama ya kikundi yetu, muniruhusu niseme nikiwa nimekaa. Miguu yangu inaogopa batu kuliko mudomo.

Munajua vile nilifika hapa Butembo. Bwana yangu balimuua mu shamba, upande wa Beni, nyumba ikaungua, nikakimbia na batoto na nguo ya mugongoni tu. Hata picha yake moja sikubeba. Lakini studio yenye ilikamata video ya ndoa yetu iko hapa mujini, na patron wa pale akanipa kazi. Donc ndoa yangu ilikuwa mule ndani ya ordinateur. Kila asubui, mbele ya kuanza kazi, nilikuwa naifungula, naangalia bwana yangu akicheka juu ya kravati yenye ilimukaba shingo. Bandugu, nabaambia, hiyo ndiyo ilikuwa inaniamusha. Sala ilikuwa imekwisha mu mudomo yangu.

Ile ordinateur iko na disque mbili, na kila kitu inaandikwa kwa zote mbili, ili moja ikikufa, ingine ibakie. Moja ikakufa. Ya pili nayo ikaanza kukwaruza. Technicien akasikiliza, akasema:

«Mama, hapana kuzima. Hii imezeeka, ikisimama, pengine haitaamuka tena. Tutaondoa ile yenye ilikufa, tutaweka mupya, machine ikiendelea kutembea.»

Akafanya vile. Disque mupya ikaanza kukopia vitu kutoka kwa ile mugonjwa, polepole.

Ilikuwa siku ya ville morte, munajua: maduka imefungwa, station ya essence, mafuta ya pikipiki, imefungwa, hakuna pikipiki mu barabara. Courant, umeme yote, ikakatika. Tukawasha groupe, machine ya kutoa umeme, kumbe essence yake ilikuwa chini kabisa. Hapo nikakaa chini, kwa sakafu ya sima. Nikaambia Mungu: ulimukamata bwana yangu mara moja, sasa unarudia. Siombi musamaha juu ya ile maneno, yeye mwenyewe anajua.

Patron akatoka, akarudi na motard, mwendesha pikipiki mwenye anaishi nyuma ya studio, mwanaume mukali, alitoka upande wa Beni kama mimi. Hakuna mutu alikuwa anamupenda mu quartier.

Motard akauliza: «Video ya matanga ya mama yangu iko mule?»

«Iko.»

Akafungula réservoir ya pikipiki yake, akavuta essence na mupira, akatema, akavuta tena. Kisha akaenda kugonga milango ya bamotard wenzake. Bakakuja na bidon na machupa ya essence. Kila mutu alikuwa na mufu wake mule ndani. Groupe haikuzimika mpaka kazi ikaisha.

Mais ile kopi ilitoka na matobo. Mahali disque ilikuwa imeharibika, haikusomeka. Video mingi ilipona. Ya ndoa yangu haikupona. Nililia mbele yao, sikuficha.

Kisha yule motard akakuja kuona matanga ya mama yake, yenye ilifanyika kule Beni. Tukaangalia pamoja. Nyuma ya bamama wenye kulia, mwanaume mumoja anapita, amebeba viti vya plastiki ku kichwa. Anasimama, anapanguza jasho, anatuangalia. Alikuwa bwana yangu. Sikujua hata kama alifika kwa ile matanga.

Aksanti kwa wenye balitoa essence yao siku yenye hawakupata kitu. Aksanti kwenu bamama, mulisali mahali pangu wakati mimi nilikuwa nakataa. Na ninyi wenye mulipoteza yote kama mimi, muende kwa bajirani, muombe kuona picha zao. Muangalie nyuma kabisa, kwa wenye kubeba viti.