Dadu Chini ya Kiatu

Fundi cherehani alikuwa anasinzia kwenye treni ya jioni, mara akasikia nyuma yake, "Umeniua, halafu unasingizia kompyuta!" Akageuka haraka. Kumbe ni watu wazima wawili, mmoja ana kipara, na marehemu ni shujaa wa mchezo wao wa mezani, ule ambao mmoja husimulia, wenzake huigiza, na dadu huamua nani apone.

"Sheria zote zimo humu," alisema msimuliaji, akiipapasa kompyuta mapajani. "Hata dadu inajirusha yenyewe."

"Naning'inia darajani, joka limenikodolea macho, wewe unatafuta ukurasa!" alifoka mwenye kipara. "Mara betri imekwisha, mara subiri kidogo, ndugu yangu. Hadi joka lenyewe likapiga miayo! Shujaa niliyemlea miaka yote hauawi na mashine. Narusha dadu yangu hii kwa mkono wangu. Nikipata sita, yuko hai."

"Haya, rusha, tuyamalize."

Dadu ikadunda kitini, ikabiringika sakafuni hadi miguuni pa fundi. Treni ilikuwa inasimama. Fundi akainuka, akaikanyaga.

"Mama, usiinue mguu!" walipiga kelele wote wawili. "Itageuka!"

"Wanangu," alisema fundi, "mimi nashuka hapa."