Siku za Panya

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, umeegemea ukuta wa jengo la utafiti, hatua kumi kutoka lango la wafanyakazi. Upande mmoja anakaa Fundi na viatu vyake, gundi, sindano na vipande vya tairi. Upande wa pili Mama Birika amepanga vikombe kando ya jiko la mkaa. Katikati ni mahali pa wenye maneno. Wenyewe wamejipa kazi ya kuamua mambo ya dunia kila siku kuanzia saa nne kasorobo, na hakuna jambo hata moja waliloliamua mpaka leo, ila hawajakata tamaa. Kiti cha heshima ni cha Profesa. Si profesa wa cheti. Ni mhudumu wa panya ndani ya lile jengo, huu mwaka wa ishirini na mbili, na cheo alipewa na benchi kwa sababu hakuna swali aliloulizwa akakosa jibu. Asubuhi hiyo alitoka langoni na koti lake jeupe, akaketi, akapokea kikombe, akakishika kwa mikono miwili asinywe.

Aliyeliona hilo kwanza ni Breki, dereva wa malori aliyestaafu.

— Profesa, hiyo kahawa unainywa au unaiotea moto?

— Nitakunywa.

— Panya wamekuudhi?

— Panya hawana neno.

Breki akacheka peke yake. Siku nyingine Profesa angekuwa ameshaanza. Angewaeleza jinsi anavyopita kizimba kwa kizimba kabla ya saa moja asubuhi, ainue mkia wa kila jike atazame kama lilikutana na dume, kisha aandike kwenye kadi siku ya kwanza. Kadi ile ndiyo hakimu. Siku ya pili yai lazima liwe limegawanyika chembe mbili. Ya tatu ziwe nane, zimeshikana mpaka huoni mpaka wa hii na ile. Ya nne lifanye shimo ndani, lijae maji, na hapo liko tayari kuingizwa tumboni mwa jike jingine, lililolazwa na dume lililofungwa uzazi ili mwili wake ujiandae kwa mimba ambayo hana. Dume lile benchi lililiita Bwana Harusi Hewa, na walicheka wiki nzima. Kadi hizo Profesa alizijua kama anavyojua njia ya kwenda kwake.

Leo yeye ndiye aliyeuliza.

— Nyinyi mnadhani ni kwa nini kinasimama?

— Nini kinasimama?

— Kiinitete. Kile kitoto kabla hakijawa kitoto. Kipo kwenye kisahani, ndani ya kabati la joto, jana kilikuwa kinagawanyika vizuri tu. Leo unakitazama, kimesimama.

Walitazamana. Kuulizwa na Profesa hawakuzoea, na mtu akipewa asichokizoea hukipokea kwa pupa. Breki akavuta kofia nyuma.

— Hilo jepesi. Gari likizimika mlimani unatazama mafuta, halafu betri. Yai ni mafuta, mbegu ni betri. Yule dume alikuwa amechoka.

— Betri gani, akasema Fundi bila kuinua macho. Si umesikia chembe zinashikana? Zinashikwa na nini? Gundi. Gundi usipoiacha ikauke, kiatu kinaachia hata kama ngozi ni nzuri.

— Mimi naona upweke, akasema Mama Birika. Hakuna moyo wa mama unaopiga karibu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sasa ulimwengu wake ni sahani. Sahani itamfunza nini?

— Hapana, ni kuchunguliwa, Breki akabadili gia. Kila saa jicho kwenye hadubini, taa imemmulika, hana hata nguo. Anaona haya. Ndiyo maana wahenga wakasema mchungulia bahari si msafiri.

— Wahenga hawakuwa wanasema hivyo kwa ajili ya sahani.

— Wahenga waliona mbali, Fundi. Na jambo lingine, mlinzi anafungulia redio yake taarifa ya habari asubuhi mpaka ukuta unatetemeka. Yule mle ndani anasikia kila kitu. Anasikia tunakoelekea, anasema, bwana eh, mimi naishia hapa.

Kawaida hapo ndipo Profesa angekohoa, atoe kidole, awaambie kwamba kitu chenye chembe nane hakina sikio wala haya. Walimsubiri. Alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake. Mama Birika, ambaye amewamiminia watu kahawa miaka mingi na anajua sura ya mtu mwenye msiba, akaweka birika chini.

— Profesa. Ni cha panya, au cha mtu?

— Cha binti yangu.

Breki alivua kofia kabisa. Akasema alikuwa anatania tu, ndugu yangu, hakujua. Profesa akamwambia hakuna neno. Lakini lilikuwapo, na kwa kuwa lilikuwa limeshatoka mlangoni aliona heri alitoe lote.

Binti yake ni mmoja tu. Ameolewa miaka saba, na hii ilikuwa mara yake ya tatu kwenye kliniki ya uzazi upande wa pili wa mji. Safari hii mayai matatu yalishika. Mawili yalisimama mapema. Likabaki moja. Jana, siku ya nne, muuguzi alimpigia simu akamwambia bado ni fungu la chembe zilizoshikana, aje kesho saa sita watazame. Binti akaweka simu, akampigia baba yake. Angempigia nani mwingine? Tangu ana miaka sita alikuwa anakula chakula cha jioni huku baba akisimulia mayai yanavyogawanyika.

— Nikamuuliza neno moja tu, akasema Profesa. Kuna shimo ndani? Akasema wamemwambia hakuna. Nikamwambia, siku ya nne bila shimo, mama, hicho kimesimama. Usijipe tumaini.

— Ukamwambia hivyohivyo? akauliza Fundi.

— Niliona heri aumie kwangu kuliko aumizwe na mgeni.

— Naye?

— Hakulia. Akasema, basi siendi, baba. Siwezi kukaa tena kwenye ule ukumbi wenye picha za watoto ukutani, nisubiri kuambiwa nilichokwisha ambiwa.

Mumewe yuko safarini, akaongeza. Binti amejifungia tangu jana. Saa sita itafika na kupita, naye yuko kitandani, na labda ndivyo ilivyo bora.

Breki akasema Mungu hamtupi mja wake. Mama Birika alichukua kile kikombe kilichopoa, akamwaga, akajaza kingine. Fundi akaendelea kushona, taratibu kuliko kazi ilivyotaka.

Kiatu alichokuwa anashona kilikuwa cha mama mmoja aliyekaa mwisho kabisa wa benchi, mguu mmoja peku, kikapu cha mayai mapajani. Alikuja kabla ya Profesa. Hakuna aliyemuuliza kitu, naye hakuwa na haja ya kuulizwa. Sasa akakohoa kidogo.

— Samahani, kaka yangu. Pole sana. Panya anabeba mimba siku ngapi?

— Kumi na tisa. Ishirini akichelewa.

— Na mtu ni miezi tisa.

— Tisa.

— Mimi sina elimu hiyo yenu, ni mtu wa kuku na bata. Kuku ni siku ishirini na moja, bata ishirini na nane. Mwaka nilioanza sikujua. Nilimpa kuku mmoja aatamie mayai yake na ya bata pamoja. Vifaranga wakatoka, ya bata yako kimya. Nikangoja siku moja, nikasema haya yameoza, nikayatupa jalalani. Moja likapasuka.

Akaweka mkono juu ya mayai yake.

— Ndani alikuwamo mtoto. Anapumua. Basi nauliza tu, kaka, usinichukie. Huyu wa siku ishirini na yule wa miezi tisa, huko mwanzo wanakwenda mwendo mmoja?

Fundi aliishika sindano hewani. Wote wakamgeukia Profesa, kwa mazoea tu, maana maswali ya aina hiyo yalikuwa yake.

Naye hakuwa na jibu. Miaka ishirini na mbili, mayai yasiyo na idadi, na hata moja halikuwa la mtu. La mtu hajawahi kuliona. Kadi zote alizonazo kichwani ziliandikwa na panya, naye alimsomea binti yake kadi hizo kama hukumu. Halafu akamkumbuka yule muuguzi. Alisema aje kesho. Kama kilikuwa kimesimama, aje kesho kufanya nini? Neno hilo binti alimfikishia wazi, yeye hakulisikia, kwa sababu alikwisha sikia lile neno “siku ya nne” na hakutaka kusikia zaidi. Aibu ilimpanda, na chini ya aibu kulikuwa na hofu, na hofu ndiyo iliyomtia mkono mfukoni.

Saa nne na dakika arobaini. Simu ya kwanza iliita mpaka ikakatika. Ya pili ikapokewa.

— Baba.

— Uko wapi, mama?

— Kitandani.

— Nimekosea. Jana nilikuhesabia siku za panya.

— Sielewi, baba.

— Shimo la siku ya nne ni la panya. La mtu sijui ni siku ya ngapi. Sijawahi kuliona la mtu hata siku moja. Nilisema kama ninayejua.

Alisema mbele ya benchi zima, na hakuna aliyemtazama. Fundi aliokota kiatu kisichokuwa na tatizo, akaanza kukikagua.

— Kwa hiyo kiko hai?

— Sijui.

Neno hilo benchi lilikuwa halijawahi kulisikia kinywani mwake. Lilimtoka vibaya.

— Baba, akasema binti, na sasa sauti ilikuwa inakatika. Mimi nimeshakiaga. Jana. Nilitoa zile nguo nilizokuwa nimenunua, nikampa jirani. Nimeshakiaga, baba. Nikienda sasa nikakuta ni kweli, itabidi nikiage tena. Siwezi mara mbili.

Profesa alisimama. Kikombe cha pili kilibaki juu ya benchi, nacho hakijanywewa.

— Ya kwanza ulikiaga peke yako, na kosa ni langu. Ya pili, kama ipo, tutakiaga wote wawili. Nakuja kukuchukua.

Alimsikia binti anapumua, akasikia kitanda, halafu miguu sakafuni.

— Una kazi, baba.

— Panya watangoja.

— Hawangoji. Wewe mwenyewe husema hawangoji.

— Basi wasingoje.

Mama Birika alikuwa amefunika mdomo kwa kanga. Yule mama wa mayai alikuwa ameinamisha kichwa, kama aliyejuta kuuliza.

— Njoo basi, akasema binti. Lakini baba, njiani usinieleze kitu. Hata kimoja. Usiniambie chembe ngapi, usiniambie siku ya ngapi. Ukae tu kando yangu.

— Sitasema neno.

Akakata simu. Breki alikuwa ameshasimama barabarani, mkono juu, anasimamisha teksi kwa niaba yake. Profesa akapanda na koti lake jeupe la maabara, hakukumbuka kulivua. Dereva alimuuliza kama yeye ni daktari. Akatikisa kichwa.

Na njia nzima, kutoka mlangoni kwa binti yake mpaka kwenye ule ukumbi wenye picha ukutani, alimshika mkono, akanyamaza.